Antivairasi Imeandika "Trojan": Je, Niizime Kama Fundi Anavyoshauri?

Swali: Msomaji mwenye steshenari karibu na chuo kimoja mjini Morogoro anaandika kwamba ana kompyuta tatu zenye Windows 10, anazozitumia kuchapa na kuprinti kazi za wanafunzi, na kwamba kila siku huchomekwa humo flashi nyingi za wateja. Siku za karibuni wateja wamerudi wakilalamika kuwa folda zao zimegeuka shotikati na kazi zao hazionekani. Wakati huohuo antivairasi ya Windows imekuwa ikitoa majina asiyoyaelewa, ambayo ameyanakili: Worm:VBS/Jenxcus, Trojan:Win32/Wacatac.B!ml na HackTool:Win32/AutoKMS. Fundi wake anamshauri aizime antivairasi kwa sababu "inakula mafaili ya wateja". Anauliza majina hayo yana maana gani, na kama ushauri huo ni wa kufuata.

Jibu: Ndugu msomaji, usiizime, na kama fundi ameshaizima, iwashe leo kabla hujapokea flashi nyingine. Nasema hivi bila kumvunjia heshima fundi wako, kwa kuwa malalamiko yake yana chembe ya ukweli ambayo nitairudia mbele: antivairasi huondoa mafaili, na mara chache huondoa hata faili lisilo na kosa. Hata hivyo, kazi za wateja wako zimefichwa na mdudu yuleyule ambaye antivairasi imemtaja kwa jina, na kwa mtu anayejua kuyasoma, majina matatu uliyoyanakili yanaeleza kilichoingia, mlango kilimopitia, na pengine nani aliyeufungua.

Tuanze na namna ya kuyasoma. Neno la kwanza, lile lililo kabla ya nukta mbili, hutaja aina ya kitu kilichokamatwa. Linalofuata hutaja mazingira kinamofanyia kazi: Win32 ni programu ya kawaida ya Windows, na VBS ni hati ya amri iliyoandikwa kwa lugha ya Visual Basic Script. Baada ya mkwaju huja jina la ukoo, ambalo watafiti hulibuni wenyewe. Herufi inayofuata nukta huonyesha toleo ndani ya ukoo huo. Na kilicho baada ya alama ya mshangao hudokeza jambo la ziada, kama vile njia iliyotumika kukitambua. Mpangilio huu unatokana na makubaliano ya kundi la watafiti wa virusi liitwalo CARO, yaliyofikiwa mwaka 1991, lakini kila kampuni huufuata kwa namna yake, ndiyo maana kitu kimoja kinaweza kupewa majina matatu na antivairasi tatu tofauti. Ukikutana na hali hiyo usidhani kompyuta ina maradhi matatu. Linalokuhusu zaidi ni lile neno la kwanza, kwa sababu ndilo linalokuelekeza hatua ya kuchukua.

Katika mazungumzo ya kila siku sisi huita virusi kila kitu kibaya kilichomo kwenye kompyuta, na hakuna ubaya, lakini antivairasi inapoandika Virus inakusudia jambo mahususi. Kirusi ni kipande cha programu kinachojipachika ndani ya faili la mwingine, kikasubiri faili hilo lifunguliwe ili kijipachike kwenye mengine. Hivyo ndivyo mwanasayansi Fred Cohen alivyokieleza alipolitumia neno hilo katika maandishi yake ya kitaalamu ya mwaka 1984. Brain, kinachohesabiwa kuwa kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta za jamii ya IBM PC, kiliandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, na kilisafiri kwa disketi zilizopita mkono kwa mkono kama flashi zinavyopita mezani kwako leo. Ugumu wa kirusi halisi ni kwamba mwili wake umechanganyika na wa faili unalolihitaji. Antivairasi hulazimika kukikata na kukitoa, na katika kukata huko faili huweza kuharibika. Siku utakayoona Virus:Win32/Sality, kwa mfano, usihangaike kutibu programu mojamoja: okoa nyaraka, futa diski yote, kisha usakinishe Windows upya. Katika orodha yako neno hilo halimo, nami nimefarijika.

Ulicho nacho ni mnyoo, ndio lile neno Worm kwenye jina lako la kwanza, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndiye anayekuharibia jina kwa wateja. Mnyoo hahitaji kujipachika popote. Ni programu kamili inayojinakili yenyewe, ama kupitia mtandao ama kupitia vifaa vinavyochomekwa. Jenxcus ni wa aina ya pili. Flashi safi ikichomekwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa, mnyoo hujinakili ndani yake, huzipa folda na mafaili yaliyomo alama ya kufichwa, kisha hutengeneza kwa kila kimoja njia ya mkato, yaani hiyo shotikati, yenye jina lilelile. Mteja anapobofya kile anachodhani ni folda yake ya utafiti, njia hiyo ya mkato humwasha mnyoo na papo hapo hufungua folda halisi, hivyo mteja haoni kasoro yoyote na anaendelea na kazi. Anaweza kuzunguka na flashi hiyo wiki nzima, akiambukiza kompyuta ya chuo, ya rafiki na ya nyumbani, mpaka siku antivairasi ya kompyuta fulani inapomfuta mnyoo na kuziacha njia za mkato zikielekeza pasipo na kitu. Hapo ndipo mteja hupiga kelele, na hapo ndipo fundi wako alipoikuta antivairasi kwenye eneo la tukio.

Kuficha folda ni sehemu ndogo tu ya madhara yake. Jenxcus huwasiliana na mtu aliye mbali, ambaye anaweza kuiamuru kompyuta ipakue na kuendesha programu nyingine yoyote. Ukoo huu ulienea kiasi kwamba mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ilikwenda mahakamani nchini Marekani kuomba kibali cha kukata mawasiliano ya koo mbili zilizohusiana, Bladabindi na Jenxcus. Kwa hiyo, kompyuta iliyoonyesha jina hilo uichukulie kuwa huenda ilipata wageni wengine kabla mnyoo hajakamatwa.

Dawa ina mpangilio, na mpangilio ukigeuzwa kazi yote inakuwa bure. Safisha kompyuta kwanza, flashi baadaye. Ukianza na flashi, kompyuta itaichafua tena palepale. Ndani ya mipangilio ya usalama ya Windows kuna ukaguzi uitwao Microsoft Defender Offline, ambao huizima na kuiwasha kompyuta na kuikagua kabla Windows yenyewe haijaamka, wakati ambapo mdudu hana nafasi ya kujificha. Ufanye kwenye kompyuta zote tatu siku hiyohiyo, bila kuhamisha flashi kati yake. Ukimaliza, chomeka flashi ya mteja, usiifungue, bofya alama yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague kuikagua. Mnyoo akishaondolewa, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike amri hii, ukiweka herufi ya flashi mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huondoa alama tatu, yaani ya kufichwa, ya kusomwa tu na ya faili la mfumo, kwenye kila folda na kila faili lililomo, na kazi za mteja huonekana tena. Zinazobaki ni zile njia za mkato, ambazo utazitambua kwa kishale kidogo pembeni mwa picha, hizo zifute. Nakuomba sana usiruhusu mtu yeyote dukani kwako aiformati flashi ya mwanafunzi kabla ya kujaribu hatua hizi. Nimewahi kuona utafiti wa mwaka mzima ukifutwa kwa dakika moja ilhali ulikuwa umefichwa tu, na jambo hilo huniuma mpaka leo.

Huenda ukajiuliza kwa nini mnyoo anajisumbua na hila ya njia za mkato. Zamani Windows iliweza kuendesha yenyewe programu iliyomo kwenye flashi mara ilipochomekwa, na mnyoo kama Conficker, aliyezuka mwishoni mwa mwaka 2008, alinufaika sana na tabia hiyo. Februari 2011 Microsoft ilianza kuwasambazia watumiaji wa matoleo ya zamani sasisho la kuizima tabia hiyo, na tangu hapo mnyoo wa flashi amelazimika kutegemea kidole cha mtu. Kwa sababu hiyo inafaa uiweke Windows ionyeshe viendelezi vya majina ya mafaili, zile herufi baada ya nukta. Tarehe 4 Mei 2000 barua ya mapenzi iliyotokea Ufilipino ilizunguka dunia ikiwa na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows ilificha zile herufi tatu za mwisho, watu waliona TXT wakadhani ni maandishi ya kawaida. Ilikuwa hati ya VBS, lugha ileile iliyotumika kumwandika mnyoo aliyekutembelea. Ila ufahamu kwamba kiendelezi cha njia za mkato hubaki kimefichwa hata ukibadilisha mpangilio huo, na kwa hizo tegemea kile kishale.

Jina lako la pili ni Trojani. Linatokana na farasi wa mbao wa masimulizi ya Wagiriki wa kale, ambaye watu wa Troya walimwingiza mjini kwa mikono yao wenyewe bila kujua kwamba tumboni mwake wamo askari. Trojani haijinakili wala haijipachiki. Huingizwa na mtu aliyeamini kwamba anafungua kitu kingine. Kwa hiyo neno hilo linapotokea, swali la kwanza ni nani aliyeileta na alidhani analeta nini, na jibu hilo ndilo linaloziba mlango.

Kwako naona jibu lipo karibu, kwenye jina la tatu. HackTool ni zana, si kirusi, na AutoKMS ni ukoo wa programu zinazotumika kuifanya Windows au Office isiyo na leseni ijione ina leseni. Microsoft haiitaji kwa sababu ya wivu wa biashara pekee. Programu hizi hupakuliwa kutoka kwenye tovuti zisizo na mwenyewe anayejulikana, na karibu kila moja huja na maelekezo kwamba kwanza uzime antivairasi. Ukishamwondoa mlinzi getini ili mzigo mmoja upite, huna tena namna ya kujua mizigo mingine mingapi ilipita nyuma yake. Siwezi kumshutumu mtu nisiyemfahamu, lakini muulize fundi wako kwa upole ni nani aliyesakinisha Office kwenye kompyuta hizo, na kama kuna folda ambayo antivairasi imeamriwa isiikague. Folda ya namna hiyo ikiwepo, ondoa ruhusa hiyo kwanza.

Najua leseni ni mzigo mzito kwa biashara inayotoza kwa ukurasa. LibreOffice ni ya bure, ni halali, na hufungua nyaraka za Word, ingawa lazima nikiri kwamba mpangilio wa kurasa huweza kusogea, na mwanafunzi anayewasilisha tasnifu hatafurahi jedwali likihama. Njia ya katikati ni kuwa na leseni kwenye kompyuta moja ya kuprinti kazi nzito, na LibreOffice kwenye nyingine mbili.

Nyaraka zenyewe za Word na Excel nazo zinaweza kubeba Trojani, ndani ya amri ndogo ziitwazo makro. Tangu mwaka 2022 Microsoft imeanza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, lakini faili lililokuja kwa flashi huweza kupita kizuizi hicho likakuonyesha utepe wa manjano unaokuomba uruhusu maudhui. Kuprinti barua au tasnifu hakuhitaji makro. Wafanyakazi wako wajue kwamba utepe huo haubofywi dukani kwako, hata mteja akisisitiza.

Sasa niseme juu ya aina ambayo hukuitaja, kwa sababu ndiyo inayoweza kuifunga steshenari yako kwa siku moja. Neno Ransom likitokea kabla ya nukta mbili, maana yake ni programu ya utekaji: hufunga mafaili kwa fumbo la hesabu lisilofunguka bila ufunguo, kisha hudai fidia. Wazo hili si geni. Mwaka 1989 zilisambazwa kwa posta disketi zilizodai kutoa habari za UKIMWI, nazo baada ya muda ziliyaficha majina ya mafaili na kumtaka mwenye kompyuta atume dola 189 kwenye sanduku la posta huko Panama. Kilichobadilika ni nguvu ya fumbo na wepesi wa kusambaa. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry, iliyokuwa mnyoo na mtekaji kwa pamoja, iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zisizopungua 150 na kuvuruga hospitali nyingi za Uingereza, ikipitia tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Waliochelewa kusasisha ndio walioumia.

Mwezi uliofuata, tarehe 27 Juni, ikaja NotPetya, iliyojifanya mtekaji ilhali haikuwa na ufunguo wa kumrudishia mtu chochote. Ilianzia kwenye sasisho la programu ya uhasibu iliyotumika sana Ukraine, kisha ikaikumba kampuni ya meli ya Maersk, ambayo baadaye ilieleza kwamba ililazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zake zote zilizohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutwa, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, na hiyo ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ofisini hapo mashambulizi yalipopita. Nakusimulia habari hii kwa sababu inaonyesha wazi nakala ya akiba inavyopaswa kuwa: nakala iliyochomoka kwenye umeme na mtandao wakati msiba unapita. Diski ya nje inayokaa imechomekwa kwenye kompyuta mwaka mzima itatekwa pamoja na kompyuta. Nunua diski ya nje, nakili kazi zako za biashara kila Ijumaa, uichomoe, ukaiweke nyumbani.

Ukikumbwa, chomoa waya wa mtandao na usilipe kwa haraka. Kuna mradi uitwao No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, ambao hutoa bure funguo za baadhi ya koo za watekaji. Si kila ukoo umo, lakini kuangalia hakugharimu chochote.

Aina nyingine nitazipitia kwa ufupi. Spyware na PWS ni majasusi na wezi wa nywila. Baadhi yao hurekodi kila kitufe kinachobonyezwa, na katika duka ambamo wateja huingia kwenye barua pepe, akaunti za chuo na maombi ya mikopo, jasusi mmoja huvuna nywila za watu wengi kwa siku. Backdoor ni mlango wa uani ambao mvamizi hujiachia ili arudi. Rootkit ni programu inayojichimbia ndani kabisa ya mfumo na kuudanganya usiione, na ndiyo sababu nyingine ya kupenda ule ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijaamka. Adware na PUA ni programu za matangazo na programu zisizotakiwa, zile zinazobadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari na kujaza vidirisha. Hizi ni kero zaidi kuliko uvamizi, lakini ziondoe. Kompyuta nyingi zilizotekwa zikiamriwa na mtu mmoja huitwa botineti, na mwenye kompyuta kwa kawaida huona tu kwamba bando linakwisha haraka na mashine imekuwa nzito.

Hadaa, ile ya kumshawishi mtu atoe nywila au pesa mwenyewe, haimo katika orodha za antivairasi mara nyingi, kwa kuwa inamshambulia mtu na si mashine. Kila Mtanzania amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Antivairasi haiwezi kuuzuia. Unachoweza kufanya ni kuutuma kwenda namba 15040, iliyowekwa na mamlaka ya mawasiliano kwa ajili hiyo.

Nirudi kwenye ile chembe ya ukweli ya fundi wako. Antivairasi hutambua wadudu kwa njia kadhaa. Ya kale ni kulinganisha faili na orodha ya alama za wadudu wanaojulikana, orodha ambayo husasishwa mara nyingi kwa siku. Njia hii ina uhakika mkubwa lakini haimjui mdudu aliyezaliwa asubuhi hii. Ya pili ni kukisia kwa dalili: faili limefichwa kwa namna ya kutilia shaka, limefungwa mara mbili, lina amri zinazotumiwa na wadudu. Ya tatu ni kutazama mwenendo, kwa mfano programu iliyoanza kufungua nyaraka mia kwa dakika na kuzibadilisha zote. Na siku hizi ipo ya nne, ambapo kompyuta iliyofunzwa kwa mamilioni ya mifano hutoa hukumu ya uwezekano. Ile "!ml" mwishoni mwa Wacatac.B inamaanisha hukumu ya aina hii ya nne. Kwa hiyo jina lako la kwanza, Jenxcus, ni utambulisho wa kitu kinachojulikana, Wacatac.B!ml ni tuhuma nzito inayohitaji kuchunguzwa, na wakati mwingine hugeuka kuwa tuhuma ya makosa, hasa kwa programu ndogo zilizoandikwa na mtu mmoja, kama kazi ya mwanafunzi wa kompyuta.

Kwa ajili ya makosa hayo ndipo ilipowekwa karantini. Faili lililowekwa karantini halijafutwa. Limefungiwa mahali ambapo haliwezi kuendeshwa, na unaweza kulirudisha. Penye hiari ya "Quarantine" na "Remove", chagua ya kwanza, na uache ile ya "Allow" kabisa mpaka uwe na uhakika. Uhakika huo unaweza kuutafuta kwenye VirusTotal, huduma iliyoanzia Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, ambayo hukagua faili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja. Ikiwa programu imeshukiwa na moja au mbili tu, huenda ni kosa. Ikiwa imeshukiwa na arobaini, hakuna mjadala. Lakini angalia sana: faili unalopakia hapo huweza kuonwa na watafiti wengine. Pakia programu, kamwe usipakie cheti, kitambulisho cha taifa wala tasnifu ya mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa hata mwenye steshenari, na nje ya sheria, mteja alikukabidhi karatasi zake kwa imani.

Pengine fundi atapendekeza uongeze antivairasi ya pili. Mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugombania mafaili na kuilemea kompyuta. Ukisakinisha nyingine, Defender, yaani antivairasi ya Windows yenyewe, kwa kawaida hujiweka kando. Moja iliyo hai na iliyosasishwa inatosha. Ukitaka kujua kama iko hai, taasisi ya EICAR hutoa faili la majaribio la herufi 68, lisilo na madhara yoyote, ambalo karibu antivairasi zote hulikamata kwa makubaliano. Antivairasi iliyonyamaza mbele ya faili hilo huenda imezimwa au imeharibika.

Jambo moja zito zaidi ni Windows 10 yenyewe. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya masasisho yake tarehe 14 Oktoba 2025. Orodha ya antivairasi huendelea kuja, kwa hiyo mtu huona alama ya kijani akaridhika, ilhali matundu mapya ya mfumo hayazibwi isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye masasisho ya ziada. Angalia kama kompyuta zako zinaweza kubeba Windows 11. Isiyoweza, ijiandikishe, au itenge iwe ya kuchapa tu bila intaneti.

Kwa mpangilio wa duka, ningefanya hivi mahali pako. Kompyuta moja ndiyo ingepokea flashi, na nyingine zisingechomekwa flashi ya mteja hata moja. Wafanyakazi wangetumia akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu, na nywila ya msimamizi ungebaki nayo wewe. Kazi ikiisha kuprintiwa, nakala iliyobaki kwenye kompyuta ingefutwa jioni, na WhatsApp za wateja zilizoachwa wazi kwenye kivinjari zingetolewa kabla ya kufunga mlango.

Kuhusu wateja waliokwisha lalamika, waite warudi na flashi zilezile, bila kuziformati, baada ya kompyuta tatu kuwa safi. Fungua historia ya ulinzi ya Windows uone kilichowekwa karantini na tarehe zake. Ukikuta humo hati ya VBS au njia ya mkato, iache. Hiyo haikuwa kazi ya mwanafunzi. Ukikuta waraka wa Word wenye makro, mwombe mwenyewe alete nakala nyingine au uhifadhiwe upya kwa muundo wa PDF kutoka kwenye kompyuta yake. Na kwa kila flashi itakayorudi, kagua kwanza, toa amri ya attrib, kisha mwonyeshe mwenyewe folda zake zikiwa zimerudi mahali pake kabla hajaondoka mezani.